Kitita cha Kumi na Mbili

Tuelewane mapema, asije mtu akamhukumu Spoku kabla ya kumsikiliza: mzee huyu hakuwa mwongo. Miaka arobaini alitengeneza baiskeli kwenye kibaraza cha nyumba yake, na mteja akiuliza kama breki zitashika, alijibiwa zitashika au hazitashika, basi. Hata jina la Spoku alipewa na wateja, kwa wembamba wake na kwa kunyooka kwake. Uongo aliupatia uzeeni, kwa ajili ya mke wake, na kwa kuwa hakuwa na mazoea nao, alijua pa kuanzia tu, pa kumalizia hakupajua.

Mke wake alifundisha darasa la tatu mpaka akastaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Alipostaafu watu walimshauri afuge kuku, akasema amelea watoto wa watu miaka thelathini na tano, kelele zinamtosha. Yeye alitaka sufi. Akajifunza kuisafisha sufi mbichi ya kondoo, kuichana kwa brashi mbili zenye meno ya waya, kuisokota iwe uzi, kuutia uzi rangi kwa vitu vya jikoni, halafu kufuma. Gurudumu la kusokotea alitengenezewa na Spoku kwa ringi ya baiskeli na pedali ya cherehani iliyokufa, na bobini za kuzungushia uzi zilikatwa kwenye bomba la plastiki. Chumba cha watoto kikawa chumba cha sufi. Watoto wenyewe, watu wazima na familia zao, wakija kusalimia walilala sebuleni, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Kisha kiharusi kikaja. Kilimkuta anaanika nguo. Alirudi kutoka hospitali mguu wa kulia ukiburutika kidogo na mkono wa kulia ukiwa mzito, vidole vimekunjamana, haviwezi hata kufunga kifungo. Ulimi ulipona wote. Spoku alimshukuru Mungu sana kwa hilo, ingawa baada ya wiki mbili za kuamrishwa na mgonjwa aliyelala kitandani alianza kuona kwamba hata ungepona nusu wangeelewana.

Kliniki kulikuwa na dada mmoja wa mazoezi, mpole wa sauti lakini habembelezi mtu.

"Mama, mkono huu usipofanya kazi utasahau kazi," alimwambia Mwalimu. "Miezi hii ya kwanza ndiyo yenyewe. Tafuta kitu unachokipenda, ukifanye kila siku, hata kama unakifanya vibaya."

Basi Mwalimu akarudi kwenye gurudumu. Spoku alihamishia pedali upande wa kushoto. Ilibaki kazi ya vidole, maana kusokota ni vidole: mkono mmoja unavuta sufi, mwingine unabana kidogo, unaachia kidogo, ndipo uzi unatoka sawasawa. Mkono wa kubana ulikuwa wa kulia.

Sasa, Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Alisokota Jumatatu mpaka Alhamisi, bobini moja. Bobini ile ikikamilika iliwekwa dirishani, haiguswi, mpaka Ijumaa akirudi kutoka kliniki. Ndipo anaufungua uzi wote, anauzungushia mgongo wa kiti mpaka uwe kitita kimoja kikubwa, anaupitia shubiri kwa shubiri, na kuupa alama juu ya kumi kwenye kikaratasi. Kikaratasi kinafungwa kwenye kitita.

"Kazi haisahihishwi siku iliyoandikwa," alikuwa akisema. "Siku hiyo jicho bado linamwonea huruma mwandishi."

Ijumaa ya kwanza aliupitia uzi wake mpaka mwisho. Mahali pengine ulikuwa mnene kama kidole, mahali pengine unywele mtupu, na umekatika mara kumi na tisa. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika sifuri. Jumamosi hakufanya mazoezi. Jumapili pia hakufanya. Jumatatu asubuhi alilitazama gunia la sufi lililosimama pembeni, akasema:

"Gunia hili likiisha na uzi bado uko hivi, gurudumu mpe mtu mwenye mikono. Na kliniki siendi tena. Mkono nitauacha hivyo hivyo, nimechoka kuudai."

Spoku alimjua mke wake. Katika maisha yake yote Mwalimu hakuwahi kutoa onyo ambalo hakulitekeleza, na kuna wazee wenye mvi mtaani humo wanaoweza kuthibitisha.

Ijumaa iliyofuata, Mwalimu alipopelekwa kliniki na jirani, Spoku aliichukua bobini iliyokuwa dirishani, akaukagua uzi. Sifuri nyingine, au labda moja kwa kuwa jicho lake lilikuwa la huruma. Alikaa kwenye gurudumu lililo kazi ya mikono yake mwenyewe, ambalo hajawahi kulitumia hata siku moja, akaanza kusokota. Kwa saa mbili alitukana kimoyomoyo matusi ambayo baiskeli hazikuwahi kumtoa. Uzi wake ulikuwa mbaya, lakini si mbaya kama wa mkewe. Aliiweka bobini yake dirishani. Ile ya Mwalimu aliiviringa gazeti akaitia kwenye kopo kubwa la vyuma vyuma kibarazani, chini ya minyororo, maana Spoku hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alikuwa na nati za baiskeli ambazo wenyewe walikwishazisahau zamani.

Mwalimu alirudi, akafungua, akapitia.

"Mbili," alisema. Na jioni ile alifanya mazoezi ya vidole bila kukumbushwa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ilienda vizuri kwa sababu moja ambayo hakuna tapeli angeweza kuipanga: Spoku naye alikuwa anajifunza. Uzi wake ulipanda polepole, kwa mwendo wa mwanafunzi wa kweli. Tatu. Nne. Tano, halafu tena nne, wiki ambayo kidole gumba chake kilikuwa na jeraha la spana. Mwalimu aliyaona makosa yaleyale anayoyajua, yakipungua kwa mpangilio uleule anaoujua, akaamini. Asubuhi alikuwa akiamka na kwenda moja kwa moja kwenye gurudumu kabla ya chai. Alianza hata kuimba wimbo wa kuhesabu wa darasa la tatu, na Spoku, aliyekuwa akiziba pancha nje, alijisikia vizuri na vibaya kwa wakati mmoja.

Shida ndogondogo zilikuwepo. Gunia lilikuwa linaliwa na watu wawili, kwa hiyo alilazimika kumtafuta mfuga kondoo, mteja wake wa zamani, na kuongezea sufi kwa siri. Aliongezea kupita kiasi.

"Sufi hii ina baraka," Mwalimu alisema siku moja, akilitazama gunia. "Haipungui."

"Kondoo wa siku hizi," Spoku alijibu, na akatoka nje upesi.

Wiki ya kumi na mbili gunia liliisha kweli. Ijumaa hiyo Spoku alisokota yake, akaileta kibarazani pamoja na ya Mwalimu ili azilinganishe kwenye mwanga, kama alivyofanya kila wiki, asije akamzidi mno. Alikuwa ameziweka zote mbili kwenye meza ya kazi alipomsikia jirani akifungua geti. Dada wa mazoezi alikuwa ameitwa kwenye wodi na wagonjwa wote walirudishwa nyumbani. Spoku alinyakua bobini moja akaiwahisha dirishani, nyingine akaizungushia gazeti akaitosa kwenye kopo. Alipokaa na kuvuta pumzi ndipo lilipomjia wazo: alikuwa hajui ametosa ipi.

Mwalimu aliupitia uzi wa dirishani shubiri kwa shubiri. Alirudia mara mbili.

"Tisa," alisema. Akacheka peke yake. "Mzee, tisa. Jumapili tunatia rangi."

Spoku alisema hongera. Lilikuwa neno la pekee alilolipata.

Jumapili asubuhi jikoni palinuka vitunguu. Mwalimu alikuwa amekusanya maganda ya vitunguu kwa miezi, mfuko mzima, na aliyachemsha mpaka maji yakawa mekundu ya kahawia, akayachuja. Vitita vyote vilikuwa vimekwishafuliwa. Kazi ya kufua alipewa Spoku, kwa kuwa kukamua kulimshinda Mwalimu, na alionywa kwamba maji ya moto na kusugua vinaigeuza sufi kuwa mkeka. Spoku aliogopa mkeka. Alifua kwa maji baridi na sabuni kidogo sana, ya kuramba tu. Kisha vitita vikalala usiku kucha kwenye ndoo ya shabu, ile dawa nyeupe inayofanya rangi ishike.

Sufuria ilichukua vitita vinne. Wakaanza na cha kwanza mpaka cha nne. Moto mdogo, saa nzima, hakuna kukoroga. Mwalimu alivitoa kimoja kimoja kwa mwiko, akavitundika kwenye kamba ya mlangoni.

Cha kwanza, kile cha sifuri, kilikuwa na rangi nzuri ya tofali, imekolea mpaka ndani ya mabonge. Cha pili kilikuwa na madoa. Cha tatu madoa. Cha nne madoa, mengi zaidi: rangi, halafu mahali peupe peupe, halafu rangi, kila baada ya shubiri moja hivi.

"Shabu haikuenea," Spoku alisema haraka.

"Ndoo ni moja." Mwalimu alikishika cha nne, akakisogeza karibu na macho. Madoa yale yalikuwa na upana mmoja, upana wa kidole. Akakipeleka puani. Uzi wenye maji ya moto hautunzi siri. "Hii inanuka grisi."

Mikono ya Spoku ilikuwa mfukoni, lakini mikono ya fundi baiskeli hata mfukoni inajulikana.

"Mafuta yanazuia rangi," Mwalimu alisema taratibu, kwa ile sauti ya kumpeleleza mtoto aliyenakili kwa jirani. "Cha kwanza hakina mafuta. Cha pili kinayo. Cha tatu kinayo. Ulivifua vyote wewe, kwa hiyo si kufua. Nani amesokota hivi?"

"Mimi."

"Vingapi?"

"Kuanzia cha pili."

Mwalimu alivuta kiti akakaa. Spoku alieleza, kwa maneno machache na yote ya kweli: sifuri ile, siku mbili za kukaa bila mazoezi, gunia, gurudumu la kumpa mtu. Aliogopa, akasema. Aliogopa mkono utapoteza miezi yake ya kwanza.

"Kwa hiyo miezi hii yote nilikuwa nakusahihisha wewe," Mwalimu alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na furaha. Unajua hilo? Ijumaa nilikuwa natamani gari la jirani likimbie nije nione nimepata ngapi. Umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu. Ungeniambia mkono umekufa ningelia nikamaliza. Sasa nitalia mara mbili." Alimnyooshea kidole, na kidole chenyewe kilikuwa cha mkono wa kulia. Spoku alikiona, akajizuia, maana haukuwa wakati wa kupongeza mtu. "Na kile cha alama tisa? Nacho ni chako?"

Hapo ndipo angeweza kumaliza mambo kwa uongo mmoja mwepesi. Angesema ni chako, na asingekuwa na uhakika kwamba anadanganya. Lakini alikuwa amechoka.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?"

"Sijui kipi ni chako na kipi ni changu. Ulirudi mapema, nikavichanganya."

"Na hicho kingine kiko wapi?"

Spoku alitoka kibarazani. Alirudi na kopo zima, akalimimina juu ya meza ya jikoni: minyororo, gololi, nati, na katikati yake bobini kumi na moja, kila moja imeviringwa gazeti na kuandikwa namba kwa penseli. Mwalimu hakutegemea hilo. Alidhani zimetupwa. Alizifungua gazeti moja moja, akazipanga kwenye ukingo wa meza kwa namba zao, kuanzia ya pili.

Ya pili ilikuwa mabonge matupu, kama nyoka aliyemeza panya wengi. Ya tatu vilevile. Ya nne vilevile. Spoku alitamani asingezileta. Ya tano mabonge yalianza kuachana. Ya saba kulikuwa na urefu wa mkono mzima bila bonge, halafu kosa, halafu tena urefu wa mkono. Mwalimu aliacha kupanga haraka. Ya tisa aliishika muda mrefu. Ya kumi aliivuta kidogo kuipima nguvu, na haikukatika. Ya kumi na moja aliipitisha kwenye vidole na kurudi nayo mwanzo.

Ya kumi na mbili aliilaza kando ya kitita kilichopata alama tisa. Akasogea dirishani. Akavaa miwani, akaivua. Mwanamke huyu aliwahi kutofautisha miandiko ya watoto hamsini bila kuangalia majina.

"Kipi chako?" aliuliza.

"Ningejua ningekwambia."

"Tazama tena."

Alitazama tena. Hakujua.

Mwalimu alizungusha uzi wa bobini ile kwenye mgongo wa kiti ukawa kitita, akaufunga kwa mafundo mawili, na kile cha alama tisa akakifunga kwa fundo moja. Akaamuru kipya kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ileile ya kuramba, kikakaa kwenye ndoo ya shabu mpaka saa saba mchana. Halafu vyote viwili vikaingia kwenye sufuria pamoja, peke yao.

Ilikuwa saa ndefu. Spoku alipanga nati kwa ukubwa. Mwalimu alikaa mbele ya jiko na mgongo wake ulionyooka, akilinda moto. Kama vyote vingetoka na madoa, Spoku aliwaza, basi amechanganya zaidi ya alivyodhani, na gurudumu lingeondoka wiki ileile, na hapo hata akila kiapo nani atamwamini.

Saa ilipotimia Mwalimu aliingiza mwiko. Kitita cha kwanza kutoka kilikuwa na madoa, shubiri kwa shubiri, alama za kidole gumba cha Spoku tangu mwanzo mpaka mwisho. Fundo moja. Cha pili kilitoka kizito, kinachuruzika maji, chenye rangi ya tofali kila mahali. Alikigeuza nje ndani, akautafuta ubaya. Haukuwepo. Mafundo mawili.

"Cha kwenye kopo ndicho chako," Spoku alisema.

"Naona."

Kwa hiyo tisa ilikuwa ya Spoku. Mwalimu alisubiri uzi upoe, akaukamua kidogo kidogo, akaanza kuupitia, mkono wa kushoto ukipokea na wa kulia ukibana na kuachia, bila haraka, kama zamani alivyopitia daftari. Spoku alisimama wima. Tangu akiwa mtoto hakuwahi kungoja alama za mtu kwa namna ile.

"Nane," Mwalimu alisema hatimaye.

"Nane? Vimetushinda kuvitofautisha sote wawili, na kile ulikipa tisa."

"Kile nilikipa tisa nikidhani kinatoka kwenye mkono mgonjwa. Nilimpendelea mwanafunzi. Hapa katikati umelegea, na hapa mwisho mtu alikuwa na haraka ya kumaliza. Nane." Machozi yalikuwa yanamtoka. Aliyaacha yashuke, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Spoku naye alitaka kulia, akaona afadhali azime jiko.

"Bado nina hasira na wewe," Mwalimu alisema akiwa amempa mgongo. "Usije ukafikiri yameisha."

"Sifikiri hivyo."

"Vile vingine vyako utavifua upya, na safari hii nitakusimamia. Rangi ikikataa, blanketi litakuwa na madoa na wageni wakiuliza utawaeleza wewe mwenyewe. Na umwambie mfuga kondoo wako alete gunia."

"Moja?"

"Mawili. Nimekwishaona jinsi unavyokula sufi. Kesho utakaa kwenye gurudumu mbele yangu, nikuone unavyobana, maana hiyo mikono inabana kama inakaza nati." Alitundika kitita cha mafundo mawili kwenye kamba, mahali pa katikati, akarudi nyuma kukitazama. "Sasa kanawe. Kwa sabuni ya unga, mpaka kwenye viwiko."

Spoku akaenda kunawa.